Ubao wa Saba

Kijito chenyewe hakifiki kiunoni mwa mtoto.
Bata hukivuka bila pasipoti, akarudi, akasahau alichofuata.
Lakini ramani imekipa kazi kubwa kuliko maji yake:
huku Estonia, kule Latvia,
na katikati daraja la mbao kumi na tatu.

Wa saba umeoza.

Mimi ni muuguzi wa majumbani. Nazihesabu mbao
kama nihesabuvyo matone ya dawa:
asubuhi kwa mzee Heldur, kumfunga mguu,
alasiri ng'ambo kwa bibi Skaidrite, kumpima presha,
na kila nifikapo wa saba nainua baiskeli begani,
nanyata kama mwizi wa kuku.

Heldur ana vibandiko.
Halmashauri yake humwita kila majani yapukutikapo,
ukumbini kwenye joto, chai na biskuti za mdalasini,
ramani imetandikwa mezani kama kitambaa cha karamu:
"Bandika, mzee, penye haja yako."
Miaka mitano amebandika kijani juu ya daraja.
Miaka mitano daraja limeongoza kwa kura.
Wamempiga picha akibandika; yumo kwenye kalenda, mwezi wa Machi.
Ubao haumo.
"Angalau wananiuliza," husema, mguu juu ya stuli.
"Baba yangu alizikwa hajaulizwa hata jina la mbwa wake."

Skaidrite ana droo.
Kwao hakuna aliyemwita, wala ramani, wala mdalasini.
Yeye huandika. Na siku ya thelathini, haipiti, barua humjia:
namba ya jalada, fedha zilizokuwapo, zilikokwenda
– paa la chekechea, yuro elfu kumi na moja na mia nne –
kisha neno HAPANA, na chini yake sahihi inayosomeka
ya mtu mwenye simu, na saa za kuipokea.
"Nimekataliwa," huniambia, mkono ukibanwa na kipimo,
"lakini namjua aliyenikataa. Nilimkuta sokoni ananunua figili.
Alinivulia kofia."

Kuuliza si ujinga, nakubali.
Lakini kuulizwa, ukajibu,
kisha mtu akaondoka na jibu lako mfukoni,
hilo nalo tuliite nini?

Nikawabadilishia dawa.

Nikampeleka Skaidrite ukumbini kwa kina Heldur.
Kura hana; kiti alipewa. Akala biskuti mbili.
Akauliza kwa Kirusi cha shuleni, lugha ambayo pale
kila mtu anaijua na hakuna aitakaye:
"Mwaka jana, baada ya vibandiko, nani alitia sahihi?"
Nikasikia birika likipoa.
Mwezeshaji, kijana mzuri, akamshukuru kwa mchango wake,
akauandika kwenye karatasi ya njano,
akaubandika ukutani.

Naye Heldur akaandika ng'ambo, nikimsahihishia:
"Kwa nini hamuwaulizi watu kabla ya kuamua?"
Siku ya thelathini jibu likaja, namba, sahihi, kila kitu:
Swali lako halina idara.

Desemba, theluji ya kwanza, fundi akatokea upande wa Latvia
na futi kamba, msumeno, na kibali chenye mhuri.
Sijui ni barua ya ngapi iliyomleta; hata Skaidrite hajui.
Akapigilia mbao sita mpya. Wa saba akaupima,
akaukata katikati, sawasawa na mpaka,
akafungasha misumari yake, akaenda.

Sasa natembea nusu daraja kama bibi harusi
na nusu ya pili kama mwizi wa kuku.

Upande wa Estonia tumeitwa Alhamisi
kujadili mbao sita na nusu zilizobaki. Kutakuwa na chai.
Heldur amekwisha vaa viatu, hata kwenye ule mguu mbovu,
na leo ni Jumatatu tu.
Skaidrite amenipa kalamu nimpelekee.
Ya wino, amesisitiza. Mwambie asiibandike popote.