Nani Kakuruhusu

Kila alfajiri, kabla sijawasha taa,
Bi Ghaliya huniuliza: «Nani wewe? Nani kakuruhusu?»
Humjibu: Nyamizi, binti Kasanda, wa Tabora,
nimekuja kukugeuza ubavu.
Hulipima jina langu kama chumvi kiganjani.
Siku nyingine husema, «Haya, pita.»
Siku nyingine hunitemea mate,
nami hujifuta, nikangoja, nikabisha hodi upya
kwenye mlango ulio wazi.

Katika bataka yangu hakuna neno ubavu.
Imeandikwa: mtumishi wa nyumbani.
Haina sindano ya sukari ya saa kumi na mbili na nusu,
haina kidonda cha kiunoni nilichokifunga
kwa chachi na asali ya dukani, wiki tisa
(asali ya kwetu ingekifunga kwa tano).
Ina picha tu: macho yamevimba,
mtandio wa kuazima,
siku ya pili tangu niteremke Maskati.

Pasi inalala sefuni na dhahabu ya mke wa Hilali.
«Kwa usalama,» alisema Hilali, kwa upole,
kwani ni mpole, na mshahara hachelewi.
Sikuuliza usalama wa nani.

Jumanne tulikwenda Ibra mjini kuongeza muda.
Mama tulimwacha garini, kipoza hewa kikinguruma,
shangazi wa Hilali akimshika mkono.
Kijana wa dirishani akaniambia, weka kidole.
Nikaweka. Mashine ikakataa.
Cha pili. Ikakataa.
Akanipa kitambaa, akanipa mafuta, akacheka kidogo:
«Mikono yako imefutika, dada.»
Kweli. Miaka minne ya dawa ya kufulia
imezipiga pasi zile njia alizonichorea Mungu,
na serikali inataka kuziona.
Rudini wiki ijayo, akasema. Usifue.

Usifue!
Usiku ule shuka zililowa mara tatu.

Hilali hasemi, lakini najua hesabu:
kibali ni cha miaka miwili,
daktari amempa mama hadi tende ziive.
Karatasi yangu imefungwa kwenye pumzi zake.
Akikohoa, naamka; nikiisha kuamka najiuliza
nimeamkia kifua chake au jina langu,
na sina jibu la kumpelekea mtu.

Juzi, katikati ya giza, alisema wazi kabisa:
«Mwangaluka.»
Nilidhani nimeota mama yangu.
«Mwangaluka, Bi,» nikamjibu, na koo likanibana.
Akasema alizaliwa Isevya, nyumba ya pembeni,
akaletwa huku bikira wa miaka kumi na saba,
hajui Kiarabu cha kuombea maji.
«Nikasimama mbele ya meza. Wakasema, karatasi.
Yangu ililowa sandukuni.
Nikasimama mpaka miguu ikavimba, mwanangu.
Wakasema, nani anakujua?»
Akanyamaza.
Nikangoja aniambie nani alimjua.
Akalala.

Leo ameamka na swali lake lile lile.
Nimempa jina, mji, baba; hakuna kilichomwingia.
Akanikamata kidole gumba, kwa nguvu nisizomjua nazo,
akakichovya katika machicha ya kahawa ya jana
nilivyosahau kuyaondoa mezani,
akakigandamiza kwenye shuka jeupe, karibu na moyo wake,
akakichungulia kama karani aliyekosa miwani.
«Haya,» akasema. «Pita.»

Nikapita. Nikamgeuza ubavu.
Saa nne nililifua shuka, bila glovu.
Doa halikutoka lote.