Mwendo wa Arobaini

Saa kumi na moja alfajiri, Kariobangi,
fundi Mutinda anakaza mkanda wa nne
na kuupiga kofi, kama mtu anayeaga ng'ombe:
"Hapo haliendi popote."
Ndiyo maana ya kulifunga, nadhani.
Lisiende popote, ili lifike.

Gari la dada yangu lina rangi ya ndimu iliyoiva,
dogo, limeinama mbele
kama mtu anayetafuta sindano.
Halina namba, halina redio, halina kiti cha pili.
Lina farasi mia mbili na sitini.
Sheria hairuhusu liguse lami ya umma,
basi linabebwa, wazi, juu ya trela,
na mimi ninayeogopa hata ngazi za umeme
ndiye dereva.

Syokau ametoka zamu ya usiku, wodi ya watoto.
Amelala kando yangu, mdomo wazi,
kaipakata kofia ya mbio
kama sufuria ya pilau inayopelekwa kwa wakwe.
Shamba lake la urithi ndilo hili, nyuma yetu.
Mama hakusema naye tangu Pasaka hadi Krismasi,
na aliposema, alisema:
"Gari la kubebwa? Hata mtoto hubebwa
mpaka ajue kutembea."

Barabara ya Outer Ring. Mimi na vioo viwili.
Cha kushoto kina mtaro na punda.
Cha kulia kina taa moja ya gari, inanikodolea,
haipepesi.
Kila tuta naomba radhi.
Kila tuta mnyororo unajibu.

Pale Cabanas foleni imeganda.
Mkokoteni wa vitunguu umetupita.
Muuza njugu ametupita, akarudi, akatupita tena,
akauliza: "Limekufia wapi?"
Halijafa.
"Sasa mbona mmelibeba?"
Nikanunua njugu za hamsini. Jibu sikuwa nalo.
Nikahesabu, kupoteza wakati, kwato za farasi wale:
elfu moja na arobaini,
zote hewani, zote zimetulia.

Afisa wa trafiki alizunguka trela mara mbili,
akalipapasa bawa la nyuma kwa kidole kimoja.
"Linakimbia kiasi gani hili?"
"Leo? Arobaini."
Alicheka mpaka kofia ikamkaa upande,
akaisahau taa ya trela, ile ya kushoto,
ambayo yeye na mimi tulijua haiwaki.

Mlolongo, malori yamepanga mstari kwenye mizani.
Sisi hatupimwi.
Hata shairi hili halijapitia mizani;
msiniripoti.

Kwenye kituo cha mafuta nikainama
nikagusa kitovu cha gurudumu la trela
kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja,
alivyonifundisha Syokau, anavyopima homa.
Vuguvugu tu. Grisi imeshika.
Niliporudi usukanini alifumbua jicho moja.
"Lipo?"
"Lipo."
Akalala tena.

Uwanjani, Athi River, vumbi limeshaamka.
Mutinda, aliyetutangulia kwa pikipiki, anaegemeza mbao mbili.
Aliye juu mngoje chini, walisema;
basi nimesimama chini, mikono hewani:
kushoto kidogo,
kidogo,
kidogo nimesema,
njoo.
Gurudumu la kwanza likagusa udongo
na Syokau, ndani ya kofia, akawa mtu nisiyemjua.

Sikuona alivyoondoka. Nilifumba macho.
Nilipofumbua, mlio ulikuwa tayari
ng'ambo ya kituta, ukibadilisha gia,
na Mutinda alikuwa anapigia kelele saa yake ya mkononi.

Trela imebaki, nyepesi, imeinua pua.
Nimeketi katikati ya alama nne za tairi
natafuna njugu za Cabanas,
nakunja mikanda mmoja mmoja.
Wa nne umegoma kunyooka.
Bado una umbo la gurudumu.