Kuogopa Mwanga

Portland, Februari, theluji siku ya tatu.
Jua limetoka bila joto, jeupe kama bati jipya,
na Bi Muaziza Selemane ameingia kliniki
kichwa ndani ya kanga, kanga ndani ya kofia ya sufu.

Mimi ni mkalimani. Kireno nilikiokota São Paulo
nikiosha sufuria za watu. Kiingereza nakilipia hadi leo.

Daktari akazima taa moja, akaandika neno.
Nikalichungulia: linaanza na pi na echi,
herufi mbili zilizokodiwa kufanya kazi ya efu.
Kwa Kireno efu inajifanyia yenyewe:
fotofobia.
Mgiriki ni yuleyule, kabadilisha koti.

Bi Muaziza akatikisa kichwa. *Sensível*, akasema,
akigusa kope. Nami ulimi ukateleza,
nikampa daktari neno la Kiingereza
lenye sura ileile na ukoo mwingine:
nikasema mama huyu ana busara mbele ya taa.
Daktari akatabasamu.
Nilijisahihisha mwenyewe, masikio yakiwaka.

Kisha matone. Mboni zikafunguka
kama milango ya nyumba yenye msiba.
Taa ikasogezwa, naye akanong'ona, si kwa Kireno:
"Yalaa! Mwanga wanitafuna."

Nikaweka kalamu chini.
"Bibi, wewe wa wapi?"
"Palma. Na wewe?"
"Uvira."
Miezi minne tumekuwa tukizunguka kupitia Lisbon
ili kuvuka chumba cha hatua tatu.

Akauliza daktari kaandika nini. Nikamwambia.
Akacheka, dawa ikamchuruzika mashavuni.
"Kuogopa mwanga? Nani asiyemwogopa mwanga,
anayecheza uchi makaburini usiku wa manane?
Huyo namwogopa, mwanangu, sikufichi.
Huu wa jua siuogopi.
Huu unaniuma tu."

"Anasema nini?" daktari akauliza.
Nikapekua mifuko yote miwili.
Hakuna, huku wala kule,
neno moja la mchawi na la mapambazuko.
Nikasema: unamuuma.
Akaandika.

Nje, mtaa wa Congress ulikuwa sahani tupu inayong'aa.
Tulishika upande wa kivuli hadi kituo cha basi,
yeye kafumba macho,
mimi nikimtajia ngazi:
moja, bibi. Ya pili ina barafu.