Ushahidi wa Mtu wa Mabomba

Niliapa kwa mkono ulionuka dawa ya mifereji,
Winnipeg, mahakama ya madai madogo, chumba cha pili,
hakuna wakili, kila mtu na faili lake.

Bwana Pawluk alileta picha: ukuta wa chini ya nyumba,
ufa unapanda ngazi kwa ngazi kati ya matofali,
mpana wa kumeza sarafu,
na sarafu yenyewe kaiacha mle ili tuamini.
Dola elfu tisa na mia nne. Harufu hakuidai.

Bibi Bardal hakuleta karatasi.
“Ni kijiti alichochomeka marehemu Einar,” alisema,
“mwerebi umesimama kwangu. Kwake sijaupeleka.”

Hakimu, mwenye mafua, akaiacha fensi, akauacha mzizi,
akauliza lile ambalo sheria hulizunguka
kama mbwa kabla ya kulala:
“Ulijua?”

Ikatolewa barua ya Mei, mwaka juzi, ya rejista.
Sahihi yake. Aliitazama muda mrefu
kama mtu aliyeonyeshwa koti lake mwilini mwa mwingine.

Zamu yangu. Nikawasha video.
Mita kumi na moja na nusu, kamera ikaingia kwenye nywele,
nyeupe, laini, zinayumba ndani ya maji machafu.
Pawluk akatikisa kichwa: mnaona?

“Mzizi ndio uliovunja bomba?”

Nikasema nilichokiona miaka ishirini na sita chini ya mji huu:
mzizi hauvunji, mzizi hunusa.
Bomba ni la kigae, la mwaka hamsini na mbili. Kiungo kililegea,
likavuja tone, na tone, na kiangazi udongo ukakunjamana,
na mwenye kiu akafuata maji yaliyomwagwa na jirani.

Pawluk akanitazama kama nimemuuza.
Yeye ndiye aliyenilipa.

Theluthi mbili Bibi, kwa ile barua.
Theluthi Bwana, kwa lile tone.
Mwerebi haukutajwa kwenye hukumu.

Nikarudi garini, theluji ya kwanza kwenye kioo.
Ndani ya droo, chini ya glavu,
kuna bahasha ya jirani yangu wa upande wa mashariki,
wa tangu Agosti, mwenye ukuta, mwenye mpopla wangu dirishani.
Ni nene. Naijua kwa kuipapasa.
Sijaifungua.
Maadamu sijaifungua, sijui kitu.
Nikawasha injini, nikaifunika vizuri kwa glavu.