Kukucha kwa Swichi

Hapa Laitila, Novemba haina mchana wa kujivunia.
Saa kumi jioni jua limekwisha kuchoka,
limejiegemeza kwenye misonobari, limezama.
Saa moja asubuhi inafika bila asubuhi yake.
Kwa hiyo kunakucha ninaposema mimi:
saa kumi na moja nabonyeza swichi
na kuku elfu nne na mia mbili
wanafumbua macho kwa mpigo mmoja
kana kwamba nimewaita kwa majina.

Nimejifunza kupima.
Mwanga ukizidi, wanaonana mno:
wanaona unyoya uliolegea, wanaona kidonda,
wanaona tone la damu, na damu ina mwito.
Mwanga ukipungua wanasahau ugomvi,
lakini na kuchakura pia wanasahau,
wanasimama tu kama watu kwenye foleni ya benki.

Baba mkwe wangu, Taisto, aliandika yote kwa penseli
katika daftari la rangi ya haradali.
*Machi 3. Safu ya pili wameng'oana manyoya tena.
Chakula kizuri. Maji mazuri. Taa nzima.*

Taa nzima!
Fundi Kaleva alipokuja na simu yake
akaipiga picha ile mirija mizee, polepole,
akanigeuzia kioo nione:
inazima, inawaka, inazima, inawaka,
mara hamsini kila sekunde.
Jicho la mtu halina habari. Jicho la kuku linayo.
Miaka yote ile, vizazi kwa vizazi,
waliishi ndani ya radi isiyonguruma
na sisi tukawaita wakorofi.

Tukabadilisha taa. Manyoya yakaota.

Kisha Aprili, msumari ulidondoka ukutani
na jua likapenya kwenye tundu lake,
likaweka sarafu moja juu ya maranda.
Kuku wa kwanza akaidonoa.
Wa pili akaja kutazama. Wa mia akaja.
Niliporudi kutoka kunywa kahawa walikuwa rundo,
na chini ya rundo kumi na mmoja hawapumui tena.
Juu, mgongoni mwa mmoja aliye hai,
ile sarafu ilikuwa inatembea taratibu,
haijatumika hata senti.

Nilikuwa nawapa saa kumi na sita kila siku.
Wakafa wakigombea dakika nisizowapa.
Nikaziba tundu kwa chingamu, kinywani mwangu mwenyewe,
maana mikono ilikuwa inatetemeka na sikuona kingine.

Taisto alikuwa akizima taa mara moja, tap!
Giza likawakuta chini, popote walipo,
wakalia hadi usiku wa manane.
Sikuwahi kumwambia kitu. Lilikuwa banda lake.
Lakini kule hospitali ya Turku, wiki ile ya mwisho,
taa ya ukumbini haikuzimwa usiku wala mchana,
akaniuliza ni saa ngapi, nikamjibu,
akaniuliza tena.
Kisha akasema, "Hilppa, waambie wapunguze.
Kidogo kidogo."

Sasa machweo yangu huchukua nusu saa.
Naketi juu ya ndoo niliyoifudikiza
huku taa zikigeuka chungwa, zikigeuka kutu,
nao wanapanda fito mmoja mmoja,
kucha zikishika mbao, wakisogezana,
wakinung'unika kama wazee wanaovua viatu.

Mmoja huchelewa. Kila siku ni yuleyule.
Anachakura pale ukutani, chini ya chingamu,
anainamisha kichwa, anatazama kwa jicho moja,
anachakura tena.

Namngoja.
Umeme ni ghali mwaka huu, lakini namngoja.