Kiinua Mgongo

Mtu akivua nguo, Tsira, havui nguo tu:
huvua na mfuko.
Ndiyo maana huoni hela humu ndani,
katika mvuke huu wa kiberiti,
bali aibu ya hela.

Miaka kumi na tisa nasugua migongo ya Tbilisi.
Nimeshika uti wa mgongo wa hakimu,
wa muuza makomamanga, wa bibi harusi
aliyecheka kila nilipofika mbavuni,
na ngozi iliyokufa hutoka nyeusi ileile,
nyuzinyuzi, kama taka za kifutio cha mwanafunzi.

Lari ishirini ni za mlangoni.
Hizo hulipa maji, marumaru, na mwenye nyumba.
Kinachobaki ni kiinua mgongo,
na anayeinama ni wewe.

Wageni huniuliza kwa vidole: asilimia ngapi?
Kana kwamba nimewasugua asilimia.
Wengine huacha noti kwenye kisahani cha sabuni
kisha hukimbia, kama waliovunja kikombe.
Bibi Lamara, mwalimu wa hesabu,
kila Alhamisi huniwekea tano kiganjani
na kuufunga mkono wangu kwa mkono wake,
asitazame, nisitazame.
Huyo anajua.

Usiseme "si kitu." Ni kitu.
Usihesabu mbele yake.
Asiyetoa, mmwagie ndoo ya mwisho polepole vilevile,
maji hayajui nani katoa.
(Nakudanganya kidogo. Mkono hujua.
Uukanye.)

Noti zikilowa nazibandika kwenye bomba la moto.
Zinakauka zikinuka yai viza,
na Vazha wa dukani huzipokea kwa pua:
"Za hamamu hizi," husema, huku ananipimia sukari.

Kisha Februari kiuno kikanishika.
Nikalala mimi kifudifudi kwa kijana wa zahanati,
mikono mikavu, kucha fupi, haongei.
Mfupa ukalia ka!
nikaona sakafu imesogea.
Nilipokwisha kuvaa, noti nimeikunja mara nne,
imelowa jasho la kiganja,
nikasimama mlangoni kama mgeni:
nimpe? atakasirika? ni ndogo?

Nikaiacha chini ya taulo.
Nikakimbia, Tsira,
mgongo umenyooka kabisa.