Kiti cha Winchi

Daraja lilipozolewa na mto, Ercilia aliokota bamba:
unene milimita nane, kutu juu juu tu.
Ramani yake, kadibodi ya pakiti ya mate
iliyokatwa kwa kisu cha kuchunia kondoo.

Matundu manne. La nne likakataa bolti
kwa unene wa ukucha.
Akalitukana kwa Kihispania, akalitukana kwa Kimapuche,
kisha akachukua tupa.

Baridi ya Patagonia huupasua mshono wa pupa;
akakipasha chuma moto kwanza,
taratibu, kama amwamshaye mtoto.

Jumatatu, gari la Nawel, yule aliyecheka,
likazama topeni hadi milangoni.
Waya ukakazika, ukalia.

Ercilia hakutazama gari.
Alitazama mishono.